Nani Kaamua Bobini Afe?

Jumamosi asubuhi, kahawa ya kwanza haijapoa, Wembe alitoka mbio saluni kwake akamwacha mteja kitini na nusu kichwa. Simu kainyanyua juu.

"Jamani! Brashi yuko kwenye habari!"

"Amefanya nini tena?" aliuliza Mama Birika bila kugeuka. Alikuwa anapepea mkaa.

"Amehojiwa! Habari ndefu hiyo, mpaka kidole kimechoka kuivuta. Na picha ipo, kavaa shati la kola."

Nikachungulia. "Shati langu hilo," nikasema. "Aliliazima wiki iliyopita akaniambia anakwenda msibani."

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililobanwa kati ya saluni ya Wembe na kibanda cha ushonaji cha Mzee Pindo, mbele yake jiko na birika la Mama Birika. Mimi wananiita Komeo kwa sababu natengeneza makufuli na kuchonga funguo. Brashi ni mchoraji wa mabango ya maduka, na kila Jumamosi saa kumi jioni anapandisha mtandaoni sura mpya ya katuni yake, "Chombo Kiraka". Ni hadithi ya chombo cha anga kilichoungwaungwa kwa vipuri vya kuokota, kinachotangatanga huko juu kutafuta sayari ya kuishi. Wanaisoma watu wengi, wengine wako mbali huko hata hatujui wanaamka saa ngapi.

Ambacho wasomaji hawajui ni kwamba chombo kizima kimejaa sisi. Kapteni ni Wembe, isipokuwa Kapteni ana nywele mpaka mabegani na Wembe ana kipara unachoweza kujitazamia; hayo yalikuwa masharti yake. Kompyuta inayoongoza chombo, inayojibu "Hapana" kwa kila ombi, inaitwa Mtambo, na yeyote aliyewahi kumwomba Mama Birika sukari ya nyongeza anajua imetoka wapi. Roboti mwenye mguu unaokanyaga hewa hata akiwa amekaa ni Mzee Pindo. Jina lake Bobini, kile kidude cha kuzungushia uzi ndani ya cherehani.

Na mimi? Mimi ni mlango. Mlango wa chumba cha injini. Kila ukifunguliwa unasema "Ng'eeee." Sura zote hizo sijapewa neno lingine. Wanasema ni kwa sababu nalalamika sana. Huo ni wivu.

"Soma basi," nikamwambia Wembe.

"Na mteja wako?" Mama Birika akauliza.

"Atasubiri. Nusu aliyobaki nayo haiendi popote." Wembe akakohoa, akavaa sauti ya mtangazaji. "'Siri ya kijani: mchambuzi wetu azungumza na aliyeumba Chombo Kiraka.' Mmesikia? Aliyeumba!"

"Aumbe nini yule," Mzee Pindo alisema kutoka mlangoni kwake, pini zimejaa mdomoni, mguu unakanyaga cherehani. "Mtu hata unyayo hajui kuchora."

Hapo hapo Brashi akatokea pembeni, begi la makopo begani, shati langu mwilini. Tukalipuka kwa vicheko.

"Karibu, Muumba!"

"Pole na msiba," nikamwambia. "Mmezika salama?"

"Komeo, shati nitafua."

"Vifungo vilikuwa sita."

"Tulia wee mlango. Wembe, endelea, umefika wapi?" Akakaa, akakunja nne, na kwa kweli alikuwa anang'aa kwa furaha. Sikumlaumu. Tangu azaliwe jina lake lilikuwa linaandikwa pembeni mwa mabango tu, chini kabisa, karibu na msumari.

Wembe akasoma: "'Tulipomuuliza kwa nini sayari ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi, msanii alinyamaza, akatazama mbali, kisha akasema: kijani ni matumaini ya binadamu aliyepoteza makao.'"

"Alikuonaje unatazama mbali na mlikuwa mnaongea kwa simu?" Mama Birika akauliza.

"Alihisi."

"Kijani ya duka la dawa ile!" nikasema. "Mimi nilikuwepo. Mwenye duka alibadili mawazo akataka bluu, ukabaki na kopo."

Maana Brashi hachori kwa kompyuta. Anachora kwenye vipande vya mbao kwa rangi zilizobaki kwenye kazi za mabango, anavipiga picha kwa simu, anapandisha. Anga yote ile unayoiona na vumbi la nyota ni makopo nusu nusu ya duka la vipodozi, gereji na shule ya watoto.

"Sanaa inatoka popote," Brashi akajitetea.

"Na sayari kulipuka ilitoka wapi?"

"Pale niliwaza kwa kina sana..."

"Kopo liliisha!" tukamjibu wote.

"Ngojeni, hata humu yamo," Wembe akasema. "'Kulipuka kwa sayari ya kijani, anasema, ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote. Nililia, anakiri.'"

"Ulilia kwa kuwa rangi ilikukatikia katikati ya mti," Mama Birika akasema. "Ulikuja hapa ukanishika mkono ukaniambia, mama, limebaki jani moja."

Mzee Pindo alicheka mpaka akatoa pini moja mdomoni kwa usalama.

"'Wasomaji wengi,'" Wembe akaendelea, "'wanajiuliza kuhusu ukungu unaofunika miguu ya wahusika wote, popote walipo, hata ndani ya chombo. Ukungu, anatufafanulia, ni kumbukumbu. Tunatembea ndani ya kumbukumbu zetu.'"

"Hujui kuchora miguu!" Mzee Pindo akapaza sauti.

"Najua, Mzee."

"Chora hapa. Chora wangu huu." Akaunyoosha.

Brashi akaokota kijiti, akachora mavumbini kwa dakika nzima ulimi ukiwa nje. Tukainama kutazama.

"Hii ni pasi," Mzee Pindo akatoa hukumu.

"Ina vidole."

"Basi ni pasi yenye vidole. Futa. Ukungu ni bora."

Wembe alikuwa anasoma kimyakimya, na shingo ilianza kumvimba. "Sikilizeni hii. 'Wahusika wake huongea maneno machache. Huo, anasema, ni ukimya wa anga.' Ukimya wa anga? Brashi, niambie ukweli mbele ya watu. Sura ya sita nilipoteza makapteni wenzangu wote vitani. Vyombo vyote viliungua, nikabaki peke yangu dirishani. Ukanipa nini niseme?"

"Ilikuwa kauli nzito."

"Ulinipa 'Ah'! Mke wangu alisoma akanigeukia akaniuliza, uchungu wako wote ndio huu?"

"Mwacheni," nikasema. "Fundi wa mabango huyo, amezoea kulipwa kwa herufi. Neno refu bila malipo linamuuma mbavuni."

"Wewe unasema hivyo, 'Ng'eeee' ina herufi ngapi? Nimekupendelea!"

Tukacheka tena, na Mama Birika akazunguka anajaza vikombe. Ilikuwa asubuhi nzuri kabisa, na ingebaki hivyo kama habari ingekatika pale. Lakini Wembe akavuta kidole mara ya mwisho.

"'Na nini kinafuata? Hapo sauti ya msanii ikashuka. Wasomaji wajiandae, akasema. Jumamosi hii Bobini atakufa.'"

Cherehani ikasimama.

Lazima niseme hapa jambo ambalo benchi zima linalijua na hakuna anayelitaja. Mzee Pindo ana mjukuu mmoja, binti wa binti yake. Walihama baada ya baba wa mtoto kupata kazi mbali. Simu ya Mzee Pindo imekufa kipaza cha sikioni, inasikika kwa sauti ya nje tu, kwa hiyo mazungumzo yake yote ni ya jumuiya. Mwanzoni yalikuwa ya kusikitisha. Mtoto anaitwa kwa nguvu aje simuni, anasema shikamoo babu, babu anasema marahaba, shule vipi, nzuri, halafu unasikia mtu mzima na mtoto wanapumua tu mpaka mama anachukua simu. Kisha katuni ikaanza. Mtoto akaambiwa mchoraji anakaa mlangoni kwa babu yake. Basi tangu hapo kila Jumamosi jioni sura ikishatoka, yeye ndiye anayepiga, na maswali hayaishi: babu, Bobini analala? Babu, mbona hakumwambia Kapteni ukweli? Babu, muulize mchoraji Bobini anaogopa nini. Na Mzee Pindo, ambaye mteja akimwuliza suruali itakuwa tayari lini anajibu kwa bega, siku hiyo anaongea mpaka betri inazimika.

"Nani afe?" Mzee Pindo aliuliza, amesimama. Pini zote zilikuwa zimehamia kiganjani.

"Bobini, Mzee," Brashi akajibu, furaha imepungua kidogo. "Ni hadithi tu."

"Anakufa na nini?"

"Waya inakatika. Ya shingoni."

"Waya ikikatika inaungwa."

"Angani hakuna fundi."

"Bobini mwenyewe si fundi? Sura ya nne nani alishona chombo kizima kwa waya, yuko nje, mawe yanapita masikioni? Leo mtu huyo huyo afe kwa waya moja? Hiyo ni kazi mbovu. Mimi nikimpa mteja suti ya namna hiyo atanirudishia usoni."

"Ni uamuzi wa kisanii. Msomaji lazima aumie, Mzee. Ndio hadithi inakuwa hadithi."

"Msomaji yupi?"

Mzee Pindo akarudi kwenye kiti chake, akaweka mguu kwenye cherehani, lakini hakuikanyaga.

Tukabaki tunamtazama Brashi. Brashi akabaki anatazama kahawa. Halafu nyuma yetu sauti ngeni ikasema, "Samahani." Alikuwa mteja wa Wembe, kajifunga taulo shingoni, upande mmoja nywele upande mmoja hakuna. "Nimesikia mambo ya Bobini. Mimi namsoma yeye tu. Kapteni simwelewi."

"Rudi kitini!" Wembe akafoka.

Mama Birika aliweka birika chini, akaenda moja kwa moja kwenye begi la Brashi, akapekua makopo, akatoa la rangi ya fedha. Akalifungua. Akaligeuza juu chini mbele ya macho yetu. Halikudondosha hata tone.

"Uamuzi wa kisanii huu hapa," akasema.

"Brashi!" Wembe akashika kipara chake. "Unamuua mtu kwa sababu ya kopo?"

"Nifanyeje sasa?" Brashi akalipuka, na hapo ndipo ukweli ukaanza kumtoka wote kwa mkupuo. "Hakuna mtu anayeagiza bango la rangi ya fedha siku hizi! Dukani hakuna mpaka mzigo uje, na mzigo hauna siku. Nimejaribu kuchanganya nyeusi na nyeupe, Bobini akatoka kama ukuta ambao haujapigwa rangi. Yule mwandishi alinipigia wakati nimelishika kopo mkononi. Akaniuliza nini kinafuata. Nikamwambia kilichokuwa mbele yangu!"

"Umwambie umekosea."

"Imeshasomwa! Watu wameanza kulia mapema. Mmoja ameniandikia amezima simu yake kwa heshima. Nikipandisha sura leo hakuna aliyekufa, nimekuwa mwongo. Lazima mtu afe." Akatutazama mmoja mmoja. "Kama mnampenda sana Bobini, nani anajitolea?"

Ukimya wa anga ukatushukia.

"Mimi siwezi," Wembe akasema kwa haraka. "Mimi ndiye dereva."

"Chombo kinajiendesha tangu sura ya tatu. Wewe kazi yako ni kutazama dirishani na nywele zako."

"Nywele hizo ndizo zinaleta wasomaji! Auawe Mtambo."

"Jaribuni," Mama Birika akasema. Hakuna aliyejaribu.

Nikajikaza. Nikasimama hata. "Niueni mimi," nikasema. "Ng'eeee moja ya mwisho, basi, nimepumzika."

Brashi akanifikiria kwa makini kuliko alivyowahi kunifikiria maishani. "Haiwezekani, Komeo. Mlango ukifa hewa inatoka. Tunakufa wote."

Nilikaa chini taratibu. Mwaka mzima nimekula kejeli kwa umlango wangu, kumbe uhai wa wote uko bawabani kwangu. Nikawatazama wenzangu kwa jicho jipya. Hakuna aliyenirudishia.

"Sikilizeni," Mama Birika akasema, akanyanyua birika na kuliweka nyuma ya sketi yake. "Kahawa imefungwa. Mpaka mseme mtoto wa watu ataongea nini na babu yake Jumamosi ijayo."

"Mama Birika, nusu kikombe tu, tunafikiri."

"Hapana."

Na simu ya Mzee Pindo ikaita.

Wote tuliijua ile saa kuwa si yake. Simu ya mtoto ni ya jioni. Mzee Pindo aliitazama inavyotetemeka juu ya kitambaa, akaiacha iite, akaiacha tena, mwisho akabonyeza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona mapema leo?"

"Babu, imeandikwa kwenye simu ya mama kwamba Bobini anakufa." Sauti ilikuwa imebana, ile ya mtoto aliyeshalia akanawa uso. "Ni kweli?"

Mzee Pindo alimtazama Brashi. Brashi alikuwa anahesabu vifungo vya shati langu.

"Babu, upo?"

"Nipo."

"Ni kweli?"

"Si kweli," Mzee Pindo akasema. "Hafi."

Brashi akainua kichwa ghafla, akaanza kumpungia mikono, hapana, hapana Mzee. Mzee Pindo akampa mgongo.

"Lakini imeandikwa."

"Wameandika nusu. Waandishi hawa hawangoji mtu amalize kusema. Bobini hafi, amechakaa tu. Safari yote ile, mawe yote yale, nani asichakae? Sasa nikuulize wewe. Kitu kikichakaa kwa babu yako kinafanywaje?"

"Kinageuzwa?"

"Enhe."

"Kama kola yangu ya shule!"

"Kama kola yako. Ilikuwaje ile?"

"Ilikuwa imechanika hapa juu, ukafumua uzi, ukaitoa, ukaigeuza, upande wa ndani ukawa nje. Ukashona tena."

"Watu walijua?"

"Walidhani shati jipya!"

"Basi leo saa kumi Bobini anageuzwa. Nje inakuwa ndani, ndani inakuwa nje. Hakuna cha kufa."

Niliangalia benchi. Wembe mdomo wazi. Brashi mikono imebaki hewani, lakini haipungi tena. Macho yalikuwa yamehama, yanatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Huyo namjua. Huyo ameshaanza kuchora.

"Babu?"

"Naam."

"Ndani ya Bobini kuna rangi gani?"

Mzee Pindo akaja na simu hadi kwenye benchi, akaifunika kwa kiganja, kana kwamba ile simu inafunikika. "Rangi gani?" akamnong'oneza Brashi kwa ukali.

Brashi akapiga magoti kwenye begi, kopo baada ya kopo. Nyeusi kidogo. Njano imeganda. Akafika la mwisho, akalitikisa, likajibu kwa uzito. Lilikuwa karibu kujaa. Akalifungua, akatutazama, akalifunga, akalifungua tena.

"La duka la vipodozi," akasema kwa huruma. "Waridi."

Sasa muelewe huyu ni Mzee Pindo. Mtu anayeshona suti nyeusi na kijivu, na akikuletea bluu anakuwa amekutania. Mtu aliyewahi kumrudisha bwana harusi kwa sababu tai yake ilikuwa na maua. Alilitazama lile kopo muda mrefu, na mguu wake ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, cherehani yenyewe iko mbali.

Akaondoa kiganja. "Waridi," akasema.

"WARIDI?" Simu ilipasua hewa mpaka mteja wa Wembe akatoka tena nje. "Babu! Mimi nilikuwa najua! Nilikuwa najua kabisa ndani yake ni waridi!"

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu yeye hujifanya mkali."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama Birika alirudisha birika jikoni bila kuambiwa.

Mchana ule hakuna aliyefanya kazi ya maana. Mbao zililazwa juu ya benchi, sisi tukasimama. Mzee Pindo alikaa karibu na Brashi akimwelekeza kila hatua: huanzi kufumua kwa mbele, mtu akifumuliwa mbele anaanguka, anza na mshono wa kisogo. Brashi akauliza roboti ana mshono? Mzee Pindo akasema kila kitu kizuri kina mshono. Wembe alitaka Kapteni ndiye ashike mkasi na upepo upite kwenye nywele. Mama Birika akasema hapana, chumba cha injini hakina upepo, na Kapteni asubiri nje na wenzake. Mimi nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Wakiwa wanasubiri nje," nikasema, "wanasubiri mbele ya nini?"

Brashi akanitazama. "Mbele ya mlango."

"Na Bobini akiwa tayari, kinachofunguka ni nini?"

"Komeo..."

"Nauliza tu. Picha nzima, mlango umefungwa, watu wana wasiwasi. Halafu mlango unafunguka. Nafikiri pale mlango una haki ya kusema neno la maana."

Akafikiri. Akachovya brashi, akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri wa bango, akapuliza ikauke, akanionyesha. "Ng'eeee?"

"Nimekuongezea alama ya kuuliza," akasema. "Bure."

Sikulalamika. Ilifaa kabisa mahali pale.

Saa kumi sura ikapanda. Mlango umefungwa. Kapteni kainamisha kichwa, amesema "Ah" nyingine, Wembe ameinyamazia. Mtambo amezima taa zake zote isipokuwa moja. Halafu mlango: Ng'eeee? Na pale katikati ya ukungu, shingo imeunganishwa kwa mishono midogo iliyonyooka, kasimama Bobini, waridi kuanzia utosini mpaka pale miguu inapopotelea, anakanyaga hewa.

Simu ya Brashi ilitetemeka mpaka ikadondoka benchini yenyewe.

Jumamosi iliyofuata mchambuzi yule aliandika tena. Wembe alitusomea huku mteja mwingine akisubiri na povu kidevuni: "'Kwa kumfanya roboti wa vita kuwa wa waridi, msanii anatuuliza: je, ujasiri ni chuma, au ni ile ngozi laini tunayoificha?'"

"Ni kopo," Mama Birika akasema.

"Ni kola," Mzee Pindo akamsahihisha. Alikuwa amevaa tai. Sisemi ilikuwa na rangi gani kwa sababu alituambia atakayesema atashonewa suruali ya mguu mmoja.

Jioni simu ikaita kwa saa yake.

"Shikamoo babu. Nina swali."

"Marahaba. Uliza."

"Kola ikigeuzwa, halafu na huo upande wa pili nao ukichakaa, inakuwaje?"

Nilimwona Mzee Pindo akiutazama mkono wake uliokuwa juu ya kitambaa. Brashi aliacha kusafisha brashi. Ni swali ambalo hata mimi, na ubishi wangu wote, nisingependa kuulizwa.

"Hapo haigeuzwi tena," akasema polepole. "Hapo inakatwa mpya kabisa. Lakini kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anashona, mmoja anashika kitambaa kisiteleze."

"Mimi naweza kushika."

"Wewe uko mbali, mama."

"Likizo imekaribia. Mama amesema naweza kuja kukaa kwako likizo yote. Ila amesema nikuulize kwanza kama unataka."

Mzee Pindo akafungua mdomo. Maneno yake yote ya Jumamosi zote yalikuwa yamemkaukia. Akajaribu tena.

"Ah," akasema.

Wembe akajigeuza ukutani. Tangu siku hiyo hajailalamikia tena ile sura ya sita. Mimi macho yalianza kuniwasha, nadhani ni moshi wa jiko, na sauti fulani ilinitoka kooni ambayo sitaki mtu aiandike popote.

"Babu? Hutaki?"

Mama Birika alitupa kipepeo cha mkaa chini, akampokonya Mzee Pindo simu mkononi, akaiweka mdomoni kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Njoo! Unasikia? Njoo, mwanangu, hata kesho!"

"Babu, nani huyo?"

Mzee Pindo akapangusa uso kwa ncha ya tai. "Huyo ni Mtambo."

"Mtambo? Lakini Mtambo si husema hapana tu?"

"Leo," Mzee Pindo akasema, "naye amegeuzwa."